Ufundi wa Kukabidhi

Ukitaka kujua wodi ina inchaji, yaani muuguzi msimamizi, wa aina gani, usiende saa nne asubuhi. Saa nne raundi ya madaktari imepamba moto, mashuka yamenyooshwa, mafaili yako tayari na kila muuguzi yuko macho. Saa hiyo karibu kila wodi hupendeza. Nenda saa moja na nusu asubuhi, zamu ya usiku ikiwa imechoka na ya asubuhi haijachangamka. Au nenda Jumapili usiku, inchaji mwenyewe akiwa kwake anakula na watoto. Ukikuta shida ya mgonjwa wa kitanda cha pembeni inajulikana, dawa yake ya saa sita imetoka saa sita, na trei ya dharura haijahamia stoo, basi ujue kuna mtu aliyeitengeneza hali hiyo kwa muda mrefu, tena bila kelele.

Nimefanya kazi chini ya mainchaji wa kila namna: wakali, wapole, wa makaratasi, wa kuanza zamu kwa sala. Sasa nami nimekabidhiwa wodi, ya upasuaji, pamoja na funguo zake. Tangu nizipokee, kazi ya mama aliyenitangulia naitazama kwa jicho jingine. Zamani nilimwona mtu asiye na haraka, mwenye maswali mengi. Leo naona jinsi maswali yale yalivyokuwa yamepimwa.

Chukua makabidhiano ya asubuhi. Hufanyika kitanda kwa kitanda: anayetoka anatoa ripoti, anayeingia anasikiliza, daftari liko wazi. Asubuhi moja tulifika kitanda cha 9, mwanamume aliyekuwa na siku mbili tangu afanyiwe upasuaji wa utumbo. Muuguzi wa usiku akasema amelala vizuri na hana malalamiko.

"Amekojoa kiasi gani?" mama akauliza.

Muuguzi akainama kuutazama mfuko wa mkojo. Mililita 100, mkojo wenyewe umekolea. Mfuko ulimwagwa lini? Saa saba usiku. Mtu mzima anatarajiwa kutoa angalau nusu mililita kwa kila kilo ya mwili wake kila saa. Yule bwana alikuwa na kilo kama 60. Kwa saa sita zile alipaswa kuwa na mililita 180 hivi.

"Na dripu?"

Dripu ilisimama saa kumi alfajiri. Mkono ulivimba penye kanula, ikatolewa, na nyingine ilikuwa iwekwe, lakini muda huohuo akaingia mgonjwa wa ajali.

Kwa maswali mawili tu, mgonjwa aliyelala vizuri akawa mgonjwa anayepungukiwa maji mwilini. Hakuna aliyefokewa, wala ile ajali haikudharauliwa. Mama alimgeukia muuguzi wa asubuhi: "Umepokea nini?" Naye akajibu kwa maneno yake: mkojo ni mdogo, dripu haipo tangu saa kumi, naweka kanula sasa hivi, namwita daktari, mkojo napima kila saa. Ndipo tukasogea kitanda cha 10.

Hilo swali la "umepokea nini" ndilo ninalolistahi kuliko yote. Mwaka 2014 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa katika wodi za watoto za hospitali 9 za Marekani na Kanada, kuhusu namna madaktari walio mafunzoni wanavyokabidhiana wagonjwa. Walifundishwa mpangilio mmoja: hali ya mgonjwa ni mbaya kiasi gani, muhtasari wake, mambo ya kufanya, kinachoweza kuharibika na kifanyweje kikiharibika, na mwisho anayepokea arudie alichokisikia. Makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23, na madhara yaliyoweza kuzuilika kwa asilimia 30. Mama yule alikuwa akiuliza swali lake miaka mingi kabla ya hapo. Alikwisha kuona kwamba mtu anayeitikia "sawa" bado anamhesabu mgonjwa kuwa wa mwenzake, na kwamba akishasema kwa kinywa chake "nitapima kila saa", mgonjwa amekuwa wake. Makabidhiano hukamilika kwa mpokeaji. Mtoaji anaweza kutoa ripoti nzuri sana, ikaishia hewani.

Mtu anayepewa wodi mara nyingi ni yule aliyekuwa na mikono mizuri kuliko wenzake. Huo ndio mtihani wa kwanza. Mwaka 1984 Patricia Benner, muuguzi na mwalimu wa wauguzi huko Marekani, alitoa kitabu kinachoonyesha jinsi muuguzi anavyokua kwa hatua tano, kuanzia mwanagenzi anayefuata kanuni neno kwa neno hadi bingwa anayeiona hali nzima kabla hajahesabu dalili. Aliuchukua mpangilio huo kwa ndugu wawili, Hubert na Stuart Dreyfus, waliochunguza jinsi watu wanavyojifunza ustadi. Jambo la kutia adabu katika kazi yake ni kwamba ubingwa hauhami na mtu. Bingwa akiwekwa mahali pasipo na uzoefu wake, anarudi kuwa mwanagenzi. Muuguzi aliyezoea kunusa hatari akiwa mlangoni anakabidhiwa rosta, oda za stoo, vikao vya metroni na ugomvi wa wahudumu, na ghafla anashika kanuni kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Anapoona hivyo hukimbilia anachokijua, yaani kazi ya mikono. Nimeliona hili kwa wengi, na mvuto wake naujua. Mtoto amelazwa, mishipa haionekani, muuguzi kijana ameshika kanula na jasho linamtoka, mama mtoto ameanza kulia. Inchaji ana uwezo wa kuichukua trei, akaupata mshipa kwa mara ya kwanza, akashukuriwa na wote. Akifanya hivyo kila siku, wodi itakuwa na mtu mmoja anayepata mishipa ya watoto, na mtu huyo anatoka saa tisa na nusu alasiri.

Mama aliyenitangulia alikuwa akisimama upande wa pili wa kitanda. Kwanza aliufunika mkono wa mtoto kwa viganja vyake mpaka upate joto. Akaushusha chini ya usawa wa moyo. Akamwambia kijana afumbe macho kidogo na kuutafuta mshipa kwa ncha ya kidole, kwa sababu mshipa mzuri hujulikana kwa kubonyea na kurudi, hata kama rangi yake haionekani. Baada ya hapo alinyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu, maana mikono inawasha. Lakini alikuwa na mpaka ambao sote tuliujua: mara mbili, basi. Ukikosa mara mbili anachukua yeye, bila neno la kukuaibisha, kwa kuwa mgonjwa hakuja hospitalini ili tujifunzie kwake. Mwanafunzi alipata nafasi yake, na mtoto hakuchomwa bila kikomo. Kuujua mpaka huo, na kuutangaza kabla ya siku ya shida, ni ustadi ambao mimi bado naufanyia mazoezi.

Lipo somo jingine ambalo vitabu vya uongozi vya ughaibuni hulipita juu juu, kwa kuwa huko hawana shikamoo. Wodini kwangu yuko muuguzi aliyeanza kazi mimi nikiwa shule ya msingi. Yeye ana cheti, mimi nina shahada. Kila asubuhi namwamkia, naye anajibu "marahaba mwanangu", na dakika kumi baadaye natakiwa nimpangie vitanda vya kuhudumia, kisha alasiri nikague alichokiandika. Wako vijana wanaoisuluhisha hali hii kwa kuacha kuamkia, wakidhani cheo kimewapandisha umri. Wako wanaoamkia vizuri mno hata wakaacha kukagua. Njia zote mbili humuumiza mgonjwa: ya kwanza inafunga mdomo wa mtu anayejua mengi, ya pili inaacha chati ikiwa tupu.

Mama alinionyesha njia ya tatu bila kuitaja. Mzee wa zamu alimpa eneo lake. "Mama Fulani, vidonda vya leo nakuachia wewe, na huyu kijana mchukue akaone." Lugha ilikuwa ya ombi, ila uamuzi ulikuwa umekwisha kufanyika, na wote wawili walilijua hilo. Likiwapo la kusahihishwa, alimfuata kwenye chumba cha mashuka: "Mama, nina jambo nakuomba." Jambo lenyewe lilisemwa wazi: presha na joto la saa nne havimo kwenye chati, na daktari hawezi kuamua bila hivyo. Walitoka humo wanazungumzia bei ya mchele. Chati ya siku iliyofuata ilikuwa imejaa. Naye yule mzee, kwa kuwa heshima yake haikuguswa, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwambia inchaji kidonda fulani kimeanza kunuka, siku nzima kabla ya homa kupanda.

Nije kwenye rosta, karatasi inayodharauliwa na asiyewahi kuipanga. Kutoka nje ni majina na herufi: A, M, U, na siku za mapumziko. Ukiipanga ndipo unapogundua kwamba kila herufi ina nyumba nyuma yake. Huyu ananyonyesha, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa hadi saa mbili kwa siku kwenda kumnyonyesha mtoto. Huyu anasoma jioni. Huyu anakaa mbali, na akitoka zamu ya mchana daladala ya mwisho inamwacha. Mwezi wa Ramadhani unakaribia, Krismasi haiko mbali, na misiba haina rosta. Juu ya hayo yote kuna wagonjwa: huwezi kuwaweka wanagenzi wawili usiku mmoja, hata kama hesabu ya watu imetimia. Rosta ni mkeka. Ukivuta ukili mmoja, upande wa pili unajikunja.

Ninachokistaajabia katika rosta za mama ni kwamba watu walizikubali hata zilipowabana. Nilipozipitia baada ya kurithi daftari lake, nikaona siri yake, na ni ya kawaida kabisa. Sikukuu zilizunguka. Aliyelala kazini Idi mwaka huu hakuwekwa Idi ya mwaka uliofuata, na ukurasa wa nyuma ulionyesha hivyo kwa yeyote aliyetaka kutazama. Rosta ilibandikwa mapema, mwezi ukiwa haujaanza. Wawili waliotaka kubadilishana zamu waliruhusiwa, mradi waandike na kusaini wote. Na jina lake yeye mwenyewe lilikuwemo kwenye usiku wa mkesha wa mwaka mpya. Mtu anaweza kustahimili ratiba ngumu akiuona mkono ulioipanga haukuficha kitu.

Vitu navyo vina makabidhiano yake. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa Mbeya, kwa msaada wa shirika la Kijapani la JICA, ilianza kutumia utaratibu wa S tano uliotokea viwandani Japani, na baadaye ukaenea katika hospitali nyingi za Tanzania. Hatua zake kwa Kiswahili ni sasambua, seti, safisha, sanifisha na shikilia. Hatua nne za kwanza zinaweza kufanyika kwa wiki moja ya bidii, na picha zikapigwa. Ya tano haina picha. Ni kuikuta trei ya dharura ikiwa kamili Jumanne ya kawaida ambayo hakuna mgeni anayetarajiwa.

Kuna ukaguzi wa kalamu na ukaguzi wa mkono. Ukaguzi wa kalamu unaweka alama ya vema: adrenalini ipo, haidrokotisoni ipo, glukosi ya asilimia 50 ipo, mfuko wa kupumulishia upo. Mama alinifundisha ule wa mkono. Adrenalini aliigeuza asome tarehe ya kuisha muda. Laringoskopu aliifungua aone taa inawaka. Mfuko wa kupumulishia aliuziba mdomo kwa kiganja, akaubana: ukigoma kubanika, ni mzima, ukilegea na hewa kuvuja, ni pambo tu, ingawa kwenye orodha umeandikwa upo. Haichukui hata dakika moja. Ila ni lazima ifanywe kila zamu na kila mtu, kwa hiyo hakuikagua trei peke yake. Alikuwa akimkabidhi mmoja wetu mfuko ule na kusema, "Niambie unasemaje." Hivyo tukajua sote mfuko mzima unavyosukuma kiganja, na mbovu unavyokubali.

Sehemu ya kazi hii iliyonichukua muda kuielewa ni ile ya kusikiliza walio chini kabisa. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, hospitali katika miji 8 duniani zilijaribu orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji iliyotengenezwa na Shirika la Afya Duniani. Ifakara, katika bonde la Kilombero, ilikuwa mmojawapo, pamoja na miji kama London, Toronto na New Delhi. Orodha ile inataka, miongoni mwa mengine, kwamba kabla kisu hakijagusa ngozi kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha ina mambo mengi, na hakuna awezaye kusema ni lipi lililookoa wangapi. Lakini aliyewahi kuwa mdogo katika chumba chenye wakubwa anaelewa kwa nini majina yamo. Mtu aliyekwisha kusikia sauti yake mwenyewe ikikubaliwa mwanzoni, hakawii kuitumia anapoona sponji haijatimia hesabu.

Wodini mtu huyo mara nyingi ni mhudumu wa usafi. Yeye hupiga deki chini ya kila kitanda, na anaona ambacho sisi wenye chati hatukioni. Anajua mzee wa kitanda cha 4 hajagusa uji tangu jana, kwa sababu yeye ndiye anayemwaga. Anajua nani amelia usiku. Mama alikuwa na desturi ya kumuuliza kila asubuhi, mbele yetu, kama anavyomuuliza daktari: "Umeona nini leo?" Mwanzoni mhudumu alicheka kwa aibu. Baadaye akawa anakuja na majibu, na wauguzi wakaanza kumuuliza wenyewe bila kusubiri inchaji. Hapo ndipo swali lile lilipoacha kuwa la mama na kuwa la wodi.

Florence Nightingale aliyashughulikia haya mapema. Alirudi Uingereza kutoka hospitali ya Scutari, alikofika Novemba 1854 wakati wa vita vya Krimea, na katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uuguzi akatenga sura ya mipango midogo midogo. Hoja yake ni kwamba huduma yote njema unayoitoa inaweza kuharibiwa na jambo moja: kutojua namna ya kuhakikisha kwamba unachofanya ukiwepo kitafanyika usipokuwepo. Watu humkumbuka kwa taa. Mimi kwa sasa namkumbuka kwa sura hiyo, kwa kuwa inazungumzia kazi ya inchaji kama ilivyo. Yeye aliandika akiwaza nyumba ambamo mgonjwa ana muuguzi mmoja au wawili. Sisi tuna zamu tatu kwa siku, na kila zamu inapoondoka kuna kitu kinaweza kuanguka kati ya mkono na mkono.

Likizo ya mwaka ni siku 28, na kwa inchaji mpya ni mtihani kuliko raundi yoyote. Kabla ya kuanza yangu ya kwanza nilikabidhi wodi kwa msaidizi wangu jinsi nilivyokabidhiwa mimi: kabati la dawa zinazodhibitiwa tukalihesabu wawili, ampuli kwa ampuli, mofini na pethidini, tukasaini; kisha rosta ya mwezi, oda zilizokwama stoo na jina la wa kumfuata, wagonjwa watatu ambao ndugu zao wana wasiwasi. Mwisho nikamuuliza amepokea nini. Akanijibu, na akaongeza jambo moja ambalo mimi sikuwa nimelitaja: mashine ya kufyonza ya upande wa wanaume ilikuwa inakoroma tangu wiki ile, akaona aanze na hiyo kabla haijakufa usiku.

Niliporudi, mashine ilikuwa imetengenezwa. Trei ya dharura haikuwa mahali pake pa siku zote. Ilikuwa imesogezwa hadi katikati ya wodi, karibu na meza ya wauguzi. Nilitaka kuirudisha, kwa kuwa mama aliiweka pale mlangoni miaka yote, nami niliirithi hivyo. Nikauliza kwanza. Muuguzi kijana akaeleza kwamba wakati sipo mgonjwa wa kitanda cha mwisho alibadilika usiku, na waliohesabu hatua baada ya tukio waliona kutoka mlangoni ni mbali mara mbili kuliko kutoka mezani. Walijadiliana kwenye makabidhiano, mzee wetu wa vidonda akakubali, mhudumu akasema mezani hata maji ya deki hayaifikii. Wakaibadilisha pia orodha ya ukaguzi, wakaandika mahali papya, zamu zote tatu zikasaini.

Niliubana mfuko wa kupumulishia kwa kiganja. Ulikuwa mzima. Nikasaini chini ya majina yao, na trei ikabaki mezani. Mama yule hakunirithisha mahali pa kuweka trei. Alinirithisha watu wanaoweza kuihamisha kwa sababu nzuri, wakaandika, na wakanieleza bila kuogopa. Kazi yangu ni kuhakikisha atakayezipokea funguo hizi baada yangu anawakuta watu wa namna hiyo, na ikiwezekana wengi zaidi.